Tembe Zilizoacha Kuchoma

Mwaka jana, kwenye mazishi ya Dakta Lihanda, mwanamke mmoja aliyenizidi umri kidogo alinishika mikono yote miwili mbele ya watu na kunishukuru kwa jambo ambalo sikulifanya. Nilikuwa nimetoka Voi, safari ya siku mbili, kuja Kakamega kumzika mzee aliyenifundisha kazi, na viatu vyangu vilikuwa bado na vumbi la njiani. "Huyu ndiye Wakesho," mwanamke yule aliwaambia wenzake waliokuwa wakimenya ndizi nyuma ya nyumba. "Huyu ndiye aliangalia mama yetu mpaka mwisho. Sisi tulikuwa mbali, yeye ndiye alikuwa mtoto." Wenzake wakaitikia, mmoja akanisogezea kiti. Jina lake ni Muhonja. Mama yake alikuwa mwenye nyumba wangu mtaa wa Amalemba mwaka wa 1996, na alikufa mwaka huohuo kwa ugonjwa wa moyo, wakati mimi nilikuwa nikiamka kila asubuhi kwenda maabara kuichunguza dawa ileile aliyokuwa akiiweka chini ya ulimi wake. Nilijua kitu ambacho huenda kingemwongezea miaka. Sikumwambia yeye, sikumwambia Muhonja siku ya maziko, na sikumwambia mtu mwingine yeyote baada ya hapo. Nilikaa kwenye kile kiti, nikapewa chai, nikajua kwamba nisipomwambia Muhonja safari hii, sitamwambia tena, kwa maana na mimi sasa si kijana.

Ya kwetu Taita nitayaacha, hayahusiki hapa. Nilifika Kakamega mwezi wa Januari nikiwa na miaka ishirini na minne, nimeajiriwa kuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja cha mjini. Mama Muhonja alinipa chumba cha nyuma, chenye dirisha moja lililotazama migomba ya jirani. Kilikuwa na kitanda, meza, na msumari mmoja ukutani wa kutundikia kila kitu nilichokuwa nacho. Kila alasiri mvua ilishuka kwenye bati kwa kelele ambayo hata redio haikufua dafu mbele yake, na mimi nilikaa kitandani nikingoja iishe, ingawa ikiisha sikuwa na pa kwenda. Wenzangu kazini walikuwa watu wema. Wakati wa chai walipiga soga kwa Kiluhya, halafu wakinikumbuka wananitafsiria mwanzo wa mzaha, na mwisho wake wanausahau kwa kucheka. Nilijifunza kucheka nao bila kujua nacheka nini. Nikiwakumbuka leo sina kinyongo nao. Ila nasema wazi kwamba sijapata kuwa mpweke vile tena, hata baada ya kufiwa na mume wangu, kwa sababu mjane ana watu wa kulia nao, na mimi mwaka ule sikuwa na mtu hata wa kununa naye.

Nilikuwa na Mama Muhonja tu, na yeye alikuwa na mimi tu, ingawa hilo hatukuambizana kamwe. Mumewe alikuwa amefariki kitambo na watoto wake wote walikuwa mbali, Muhonja akiwa Nairobi. Mezani pake palikuwa na viti vinne, na kila asubuhi alivipangusa vyote vinne. Siku mbili za kwanza aliniletea chakula chumbani. Siku ya tatu akaja mikono mitupu akaniambia, "Mgeni siku mbiri, ya tatu mpe jembe. Kuja jikoni ukate mboga." Tangu siku hiyo nilikula kwake. Alinifundisha kuchambua mrenda, kuuchanganya na kunde, kuutia chumvi ya majivu na kuukoroga kwa kijiti cha kupekechea mpaka uvutike. Alinifundisha kusonga obusuma, yaani ugali, mgumu, maana ule wa kwetu aliuita uji. "Wewe mtoto wa pwani unakuranga kama mgonjwa," alikuwa akisema, na mimi nilichoka kumweleza kwamba Taita ni milimani, si pwani. Jumapili moja alichinja kuku. Kwa desturi ya huko firigisi, wanayoiita imondo, ni ya mwanamume wa nyumba, na mwanamke haigusi. Aliipakua kwenye kisahani, akaitazama kidogo, akaisukuma mbele yangu. "Haya, kura imondo. Wewe ndiye unarudi jioni umechoka, basi wewe ndiye mzee wa boma." Tulicheka mpaka akashika kifua. Akafungua kabati, akatoa kichupa kidogo cha kioo cha rangi ya kahawia, akamimina tembe moja nyeupe na kuiweka chini ya ulimi. Akakunja uso. "Inachoma hii kitu," alisema ikishayeyuka. "Harafu kichwa kinagonga. Rakini kifua kinafunguka."

Nilikichukua kile kichupa nikasoma jina, na moyo wangu ukaruka kwa furaha, maana ndiyo dawa niliyokuwa nikiifanyia kazi. Nilijisifu. Nilimwambia kwamba tembe yake ikiyeyuka huwa gesi ndani ya mwili, nitriki oksaidi, na kwamba mwili wenyewe hutengeneza gesi hiyohiyo kidogo kidogo, ikaishi sekunde chache na kutoweka. Nilimwambia kwamba hata huko kwa wazungu wakubwa wa sayansi ndiyo kwanza wanaanza kuielewa. Alinisikiliza kwa heshima, akauliza kama hiyo gesi ndiyo iliyokuwa ikimtoka usiku. Nilimjibu kwamba hiyo ni ya kunde.

Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu, na ndani yake alikuwamo Dakta Lihanda, mtu mrefu asiyependa maneno, aliyerudi kutoka ng'ambo na swali moja alilolianza huko na hakulimaliza. Moyo, alinieleza siku ya kwanza huku akinipa koti, una neva za aina mbili. Moja huushika usiende mbio. Nyingine huusukuma, na hiyo ndiyo huamka ukishtuka, ukikasirika, ukipanda mlima. Neva hiyo ya kusukuma haigusi moyo kwa mkono. Ncha yake humwaga kemikali, na moyo huisikia ile kemikali ukakimbia. Sasa ile gesi ikiwapo, moyo haukimbii sana. "Swali langu ni hili," alisema Dakta. "Gesi inaziba mdomo wa neva, au inaziba sikio la moyo?" Nilimwambia sijui. "Ndiyo maana tuko hapa," akajibu, na nadhani hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu zaidi mpaka Pasaka.

Hatukuwa na mashine za kisasa. Tulikuwa na ngoma ya chuma inayozunguka polepole, tuliyoivisha karatasi laini na kuifukiza kwa moshi wa taa ya mafuta mpaka ikawa nyeusi tititi. Moyo wa chura, uliotolewa pamoja na neva yake, ulifungwa kwa uzi kwenye kijiti chepesi, na kila ukipiga kijiti kiliukwangua ule weusi na kuacha mstari mweupe. Kwanza tulidondosha dawa ya kunyamazisha neva ya breki, ili ibaki kusikika ile ya kusukuma peke yake. Halafu tuliitia umeme kidogo ile neva, na mistari ikasongamana kwa jinsi moyo ulivyokwenda kasi. Kisha tukaosha, tukadondosha dawa ya gesi, tukarudia. Ikiwa moyo sasa haukimbii tena neva ikitiwa umeme, lakini unakimbia ukidondoshewa adrenalini moja kwa moja, basi sikio la moyo ni zima na kilichozibwa ni mdomo wa neva. Vyura tuliletewa na kijana mmoja mwongoza wageni katika msitu wa Isecheno, aliyewakusanya humo baada ya mvua na kuwaleta kwenye ndoo yenye majani. Mimi ndiye niliyewaua. Niliwaomba radhi kwa Kidawida, lugha ya kwetu Taita, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuzungumza naye lugha hiyo, na jioni nilirudi Amalemba na masizi puani, Mama Muhonja akiniuliza kama siku hizi chuo kinafundisha kuchoma makaa.

Mwezi wa Aprili nilikwenda nyumbani likizo, nikarudi na leso. Ilikuwa ya rangi ya zambarau na njano. Maneno yake sikumbuki. Mama Muhonja aliipenda mpaka nikaona haya. Aliivaa kanisani, akaivaa sokoni, akaivaa akilima kishamba chake cha nyuma ya choo. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi bibi zetu wanavyofunga fundo kwenye pindo la leso na kuweka humo sadaka au ufunguo, kisha wanalichomeka kiunoni, na mwizi atafute. Alilifanyia mazoezi lile fundo mbele yangu, akilifunga na kulifungua kwa meno, akicheka. Baada ya wiki moja hivi niliona kichupa cha kahawia kwenye dirisha la jikoni kimejaa mbegu za mrenda. Nilimwuliza dawa iko wapi. Akapapasa kiuno chake. "Iko hapa. Chupa inarianga kwa mkoba nikitembea, cheke cheke cheke, mpaka mchungaji anageuka. Hapa hakuna mtu atajua mimi ni mgonjwa. Na chupa mzuri kama hii, mbegu haitaliwa na wadudu." Nilimsifu kwa busara yake. Nayaandika haya maneno kama yalivyokuwa: nilimsifu.

Mwezi wa Mei kazi yetu iliharibika. Tangu Februari ngoma ilikuwa imetuandikia mistari mizuri, kila tulipodondosha dawa ya gesi neva ikanywea, na Dakta alianza hata kupiga mluzi. Halafu ghafla dawa ikawa maji matupu. Tuliitia neva umeme, moyo ukakimbia kama vile hatukuudondoshea kitu. Siku nyingine ikafanya kazi nusu, kesho yake isifanye kabisa. Dakta alihesabu upya vipimo vyangu vyote. Alibadilisha chumvi, akabadilisha maji, akaleta vyura wa bondeni badala ya wa msituni. Mwezi wa Julai, mbele ya wanafunzi, aliutazama mstari wa siku hiyo na kuniambia kwa sauti ya chini, "Wakesho, umeua wanyama hawa bure." Nilikwenda nyuma ya maabara nikalia. Jioni hiyo Mama Muhonja aliona macho yangu, hakuuliza, akakaanga mayai mawili badala ya moja. Tulipokuwa tukila aliingiza tembe chini ya ulimi, maana alikuwa amebeba maji siku hiyo, na akasema, akiwa ametulia, "Siku hizi haichomi. Hata kichwa hakigongi. Hii dawa sasa tumezoeana." Nilitabasamu nikamwambia, "Afadhali, Mama."

Ni mimi niliyegundua kosa la maabara, na kwa muda mrefu hilo lilikuwa jambo la fahari kubwa kuliko yote maishani mwangu. Mwezi wa Mei chupa zetu mbili kubwa za kioo zilikuwa zimepasuka, na mimi nikahamishia dawa kwenye chupa za plastiki, safi, zenye kifuniko kizuri. Katikati ya Agosti chupa za plastiki hazikutosha, nikaweka kiasi kwenye chupa tupu ya soda ya kioo. Kesho yake chupa ya soda ilifanya kazi, za plastiki hazikufanya. Sikumwambia Dakta neno. Niligawa dawa ileile sehemu mbili, kioo na plastiki, nikangoja siku nzima, nikafukiza karatasi mbili. Ya plastiki, moyo ulikimbia. Ya kioo, neva ilinyamaza kimya. Nilipompelekea karatasi zote mbili zikiwa bado zinanuka vanishi ya kushika masizi yasifutike, Dakta alizitazama, akakaa chini, akacheka peke yake. "Mtoro huyu," alisema. "Dawa hii ni mtoro. Inaingia ndani ya plastiki, inanywewa na nguo, inapaa hewani. Hata ile pamba ya kwenye chupa za tembe, mtu anaambiwa aitupe. Inataka kioo na kifuniko cha chuma, basi. Nilijua haya, nikasahau. Nisamehe, binti yangu." Niliyaandika yote kwenye daftari la maabara kwa mwandiko wangu bora. Kioo. Si plastiki, si nguo, si pamba.

Jioni hiyo nilirudi Amalemba nikikimbia, na nikamsimulia Mama Muhonja mkasa wote, na jinsi Dakta alivyoniita binti yangu. Alifurahi kweli. Alipiga kigelegele kifupi jikoni peke yake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, leso imefungwa kiunoni, na fundo la tembe lilikuwa limelala kwenye paja lake, hatua moja kutoka kwangu, na mimi nikitamka kwa kinywa changu kwamba dawa ile hunywewa na nguo. Nimejiuliza mara nyingi sikuliona vipi. Jibu nililo nalo halinipi heshima. Dawa ya maabara ilikuwa ya kwangu, ilikuwa na daftari na ngoma na watu wa kunisifu. Ya Mama Muhonja ilikuwa mambo ya jikoni. Nilikuwa mpweke mwaka mzima, na siku nilipopata kitu cha kujivunia nilimtaka yeye awe wa kunisikiliza tu.

Aliishi siku tisa tangu jioni ile. Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa. Saa saba mchana nilikuja kula, nikarudi kazini. Saa kumi na moja nilipofika mlangoni niliona viatu vya watu wengi kwenye veranda, nikajua kabla ya kuambiwa. Jirani, Mama Rael, ndiye aliyekuwa naye. Alinieleza akiwa amenishika bega. "Alikuwa anaanua nguo mvua ikianza. Akakaa chini hapo hapo. Akafungua ile fundo yake kwa meno, akaweka dawa. Akangoja. Akaweka ingine. Akaniambia, Mama Rael, hii kitu haichomi. Akaweka ingine. Mimi nikakimbia kutafuta gari. Kurudi…" Kutoka ndani wanawake walikuwa wameanza kulia kwa sauti, ule wito mrefu wa Waluhya unaosikika mpaka mtaa wa pili, na mimi nilisimama uani kwenye mvua nikiwa nimeelewa yote, moja baada ya jingine.

Waliomwosha walinipa leso, kwa kuwa walijua ilitoka kwangu. Kwenye fundo zilikuwa zimebaki tembe nne. Nilikwenda nazo chumbani, nikafunga mlango, nikaweka moja chini ya ulimi wangu. Haikuchoma. Ilikuwa na utamu mdogo wa sukari, basi. Zile tatu nilizipeleka maabara Jumatatu kabla Dakta hajafika. Nilizisaga, nikaziyeyusha, nikafukiza karatasi, nikamfunga chura kwenye kijiti. Nilikuwa nikiomba, na sikuona haya kuomba juu ya jambo kama hilo, kwamba dawa ifanye kazi na niwe nimekosea. Nilipoitia neva umeme moyo ulikimbia, mstari ukajaa, mzuri, mnene, bila dosari. Nilikuwa bado nautazama Dakta alipoingia nyuma yangu. "Hii ni ile ya plastiki?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akaandika hivyo pembeni ya karatasi kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka pamoja na nyingine. Swali lake alikuja kulijibu mwaka uliofuata, kwa kiasi chake: gesi ile, katika vyura wetu, iliziba zaidi mdomo wa neva. Kwenye ile ripoti ndogo aliyoiandika kuna shukrani kwa fundi wake. Sijawahi kuisoma mpaka mwisho.

Muhonja alifika siku ya tatu, mwembamba, na suti ya kazini. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mama aliumia. Nilimwambia alikwenda kwa amani. Baada ya maziko nilihamia chumba kingine upande wa pili wa mji, chenye mwenye nyumba ambaye hakujua jina langu, na Desemba nikaomba uhamisho. Watu husema muda huponya. Waswahili wenzangu husema mwenye kovu usidhani amepoa, na hao ndio ninaowaamini. Nimefundisha mafundi wengi tangu wakati ule, na kila mmoja nimemchosha kwa habari ya kioo na plastiki mpaka wakaniiga sauti nikiwa nimegeuka. Hakuna aliyejua namzungumzia nani.

Basi siku ile ya mazishi ya Dakta, Muhonja alinikatalia kwenda kulala hotelini. Alistaafu akarudi kwenye nyumba ya mama yake. Ameiwekea vigae na jiko la gesi, na chumba changu cha nyuma sasa ni stoo ya mahindi. Asubuhi tulikaa jikoni, sisi wawili. Alinimiminia chai, na kabla sijainua kikombe nikamwambia. Nilimwambia juu ya leso na nani aliileta, juu ya fundo na nani aliyemfundisha, juu ya maabara, na siku tisa. Nilimwambia na habari ya zile tembe tatu na karatasi iliyoandikwa uongo. Muhonja alikuwa akizungusha kijiko ndani ya chai ambayo sukari yake ilikwishayeyuka zamani.

"Nilikuwa najua," alisema.

Nilimwuliza anajua nini.

"Hiyo ya chupa. Nesi wa Nairobi aliniambia siku ya kwanza nikichukua dawa. Mwambie mama asitoe kwa chupa. Mimi nilikuja mwezi wa sita, nikapata amefunga kwa leso. Nikamwambia, mama, rudisha kwa chupa. Akasema chupa inalia, watu wa kanisa watajua yeye ni wa kufa. Tukabishana kidogo. Halafu nikaacha. Nilikuwa na gari ya saa nne." Akaweka kijiko chini. "Niliacha tu, dada. Nilijiambia, akirudi Nairobi kunitembelea nitamwambia tena."

"Na jana? Ulinishukuru mbele ya watu."

"Nilikushukuru ndio usiniulize. Miaka hii yote nimejua wewe ulikuwa unafanya kazi na hiyo dawa, mama aliniambia. Nikafikiria, huyu lazima aligundua. Na mama lazima alimwambia tulibishana, huyu anajua mtoto wa mama alimuacha hivyo hivyo. Nilipokuona jana kwa mazishi nilitaka kujificha. Nikasema wacha nimshike mikono kwanza, nimjazie mdomo na asante."

Nilikasirika. Natamani niandike kwamba nililia au nilimkumbatia, lakini kilichokuja kwanza kilikuwa hasira, na ilinishangaza kwa ukubwa wake. Karibu miaka thelathini nilikuwa nimeukalia msiba huu peke yangu, nikiuona kuwa ni wangu, nikimwogopa mwanamke huyu kila simu ya nambari nisiyoijua ilipolia, na yeye alikuwa Nairobi akiniogopa mimi. Tungeweza kuandikiana barua moja. Nilisukuma kikombe, nikasimama, nikaenda mpaka dirishani nikatazama nje mahali ambapo kamba ya nguo ilikuwa. Nyuma yangu nilimsikia akipumua kwa shida ya mtu anayejizuia. Hasira ikaanza kupungua kwa sababu hakukuwa na wa kuisikia ila sisi.

"Dada," aliniita. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, ndogo. "Hiyo Ijumaa. Ulikuja lunch?"

"Nilikuja."

"Mlikula nini?"

Niligeuka. Alikuwa ameniinulia uso mzima, mwanamke mwenye mvi na wajukuu. Nikaelewa kwamba kila mtu kwenye maziko yale alimweleza jinsi mama yake alivyokufa, na hakuna aliyeweza kumweleza habari za saa chache kabla yake, kwa kuwa aliyekuwapo ni mimi peke yangu, na mimi nilikuwa nikimkimbia. Nilirudi nikaketi. Nikamwambia ilikuwa obusuma na omena, dagaa wa ziwani, na kwamba omena alizikaanga kavu na nyanya nyingi kwa sababu nilikuwa nimelalamika juu ya mchuzi wa jana yake. Nikamwambia alinifokea kwa kuchelewa. Kwamba alinieleza habari ya mwanamke mmoja wa kwaya aliyeanza wimbo kwa sauti ya juu mno akashindwa kuumaliza, na akaigiza ile sauti, akiwa amesimama, mwiko mkononi, mpaka nikapaliwa. Kwamba aliniuliza kama Muhonja atapenda kuletewa mahindi mabichi au yaliyokaushwa, na tukakubaliana mabichi.

"Alimaliza chakula?" Muhonja aliuliza.

"Alimaliza," nikamwambia. "Akakwangua na ukoko wa sufuria."